Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa: Mungu hahitaji wakili kwenye chumba cha ushauri

Kwa maaskofu, mapadre, wachungaji viongozi, wazee wa kanisa na wakuu wa vyuo vya theolojia,

Bwana Yesu asifiwe.

Ninawaandikia nikiwa muumini na mshauri nasaha wa kujitolea. Watu ninaokaa nao wamefikwa na jambo zito ghafla: kifo cha mtoto, ubakaji, ajali, mwenzi aliyeondoka bila kuaga, wazo la kujiua. Wengi wao walipita kwenu kwanza, na sioni ajabu. Mlango wa mchungaji hauna ada wala fomu ya kujaza, na anayebisha hodi hapo haonekani kuwa mgonjwa wa akili. Kwa watu wengi kanisa ndilo mahali pa kwanza pa kukimbilia nafsi inapoelemewa, na mara nyingine ndilo pekee. Kwa hiyo yanayotendeka humo ndani katika saa za mwanzo yana uzito kuliko mnavyoyachukulia.

Lawama yangu ni moja na nitaisema wazi: mtu akiwa katika kilele cha maumivu, watumishi wetu wengi huacha kumhudumia yeye wakaanza kumtetea Mungu.

Mnajua inavyokuwa. Mama aliyezika mtoto anasema, "Mungu amenitupa." Anayemsikiliza anashtuka, na anachokihofia ni heshima ya Mungu. Upesi linatoka jibu: usiseme hivyo, Mungu ana makusudi yake, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mama ananyamaza. Mtumishi anaondoka akiamini amefariji. Kumbe mama amejifunza tu kwamba hapa hapasemwi kilichomo moyoni, na yaliyobaki atayalilia peke yake.

Tazameni maneno hayo yalikotoka. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" aliyasema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna rafiki aliyefika msibani akamwambia hayo. Lile la mzigo usiobebeka limechotwa katika 1 Wakorintho 10:13, mahali ambapo Paulo anazungumzia majaribu yanayomvuta mtu kwenye dhambi. Habari za kufiwa hazimo. Rafiki za Ayubu walifanya jambo jema moja: waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa mno. Walipofumbua vinywa kumtetea Mungu, wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, huku Ayubu aliyelalamika sura baada ya sura akihesabiwa kuwa amenena sawa. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, bila mstari wa kutuliza, na imeachwa hivyo hivyo katika Biblia zilizo kwenye mimbari zenu. Kama Maandiko yamevumilia kilio kisicho na jibu, sijui kwa nini mshauri wa kanisa ashindwe kukivumilia kwa saa moja.

Siombi imani itolewe kwenye chumba cha ushauri. Nimefanya kazi na washauri wazuri wasiotaka kabisa kugusa habari za Mungu, na wao pia huacha kidonda kikubwa bila kukitazama. Mtu akisema "hii ni adhabu yangu," kisha mshauri akarukia maswali ya usingizi na hamu ya kula, amepitwa na kiini cha habari. Mwaka 2001 Kenneth Pargament, Harold Koenig na wenzao walichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi kwa muda wa miaka 2. Waliohisi kwamba Mungu amewaacha, walioshuku upendo wake kwao, au walioona ugonjwa wao ni kazi ya shetani, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya hali yao ya afya ya mwanzo kuzingatiwa. Mtu akishindana na Mungu wake namna hiyo anahitaji msikilizaji anayejua Maandiko na anayejua pia kunyamaza. Huyo ndiye ninayetaka kanisa limwandae.

Mshauri wa namna hiyo hatangulizi mstari. Anauliza: katika haya yaliyokupata, unamwonaje Mungu? Bado unaomba, au sala imegoma? Liko neno la Maandiko linalokushika, au linalokuumiza? Analipokea jibu hata likiwa la kutisha. Akitaka kuomba, anaomba ruhusa kwanza, na yuko tayari kuambiwa hapana. Sala yenyewe ni fupi na imejaa maneno aliyoyasema mwenye shida. Isiwe mahubiri yanayotolewa macho yakiwa yamefumbwa (zipo nyingi za aina hiyo, na mnazijua). Nimeona mtu akilia kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa sababu tu mwenzake alimwambia Mungu mbele yake, bila kurekebisha chochote, "Dada yetu huyu anaona umemwacha."

Sasa nije kwenye jambo linalowatisha wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Wamo waumini, wamo na watumishi. Bado viongozi wengi huogopa kulitaja jambo hilo mbele ya mtu wanayemhofia, wakidhani watamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti hazioneshi hivyo. Kumuuliza mtu waziwazi hakumtii wazo la kujiua, na mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye yupo aliyethubutu kuuliza. Ulizeni basi: "Je, umefikia mahali pa kutaka kujiua?" Akikubali, lifuate swali kama amekwisha kupanga namna na wakati. Hapo hakuna hotuba juu ya jehanamu. Kuna kukaa naye, kuweka mbali naye chochote alichopanga kukitumia, kumwita mtu anayemwamini, na kufuatana naye hadi kwa mhudumu wa afya. Kumpa namba ya simu na kumtakia usiku mwema hakutoshi.

Anayedhani mpangilio huu ni wa kidunia asome Matendo 16. Mlinzi wa gereza kule Filipi amechomoa upanga ajiue. Paulo anapaza sauti: "Usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa." Basi. Hakuna fundisho juu ya dhambi ya kujiua. Kuna katazo moja, na taarifa moja inayoondoa sababu ya hofu yake, kwamba wafungwa hawajatoroka. Swali la wokovu linakuja baadaye, na anayeliuliza ni mlinzi mwenyewe. Eliya naye katika 1 Wafalme 19, alipoomba afe chini ya mretemu, alilala, akaamshwa apewe mkate na maji, akalala tena, akaamshwa tena ale. Mungu hakumuuliza "unafanya nini hapa?" mpaka baada ya siku 40 za mwendo, na mazungumzo yalipokwisha akampa Elisha, yaani mtu wa kushika kazi pamoja naye. Ningepewa kipindi kimoja tu katika vyuo vyenu, ningefundisha sura hizo mbili.

Wala kazi hii si ngeni kwa watumishi wa Kanisa. Mwaka 1935 padre kijana wa Kianglikana, Chad Varah, aliongoza mazishi ya msichana wa miaka 14 aliyejiua: hedhi yake ilikuwa imeanza, hakuwa na wa kumuuliza, akadhani ameambukizwa ugonjwa wa zinaa. Mwaka 1953, akiwa katika parokia ya St Stephen Walbrook jijini London, Varah alifungua simu kwa ajili ya watu wanaotaka kujiua, na hapo ndipo ilipozaliwa huduma ya Samaritans. Muda si mrefu aligundua jambo. Watu waliokuja kumwona yeye walikuwa wakisubiri zamu pamoja na waliojitolea kusaidia ofisini, wakizungumza nao, na wengi walipokwisha kusikilizwa hawakuhitaji tena kumwona padre. Akawaachia watu hao wa kawaida kazi ya kusikiliza. Miaka 10 baadaye, mwaka 1963, mchungaji wa Kimethodisti Alan Walker alianzisha huduma ya simu ya Lifeline mjini Sydney, Australia, baada ya mtu aliyempigia simu akiwa amekata tamaa kujiua kabla hawajaonana. Huduma hizo mbili zilianzia mikononi mwa wachungaji, na leo wapo wachungaji wanaosita hata kutangaza namba ya simu ya msaada kwenye matangazo ya ibada.

Ubakaji na kipigo cha nyumbani ndiko ambako uchungaji wa haraka haraka unaumiza kupita kwingine kote. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Ushahidi wa mwilini na kwenye nguo hupotea kwa kuoga na kufua. Sasa fikirini binti aliyeletwa kwa mchungaji Ijumaa jioni. Anaombewa. Familia inaitwa Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa mtuhumiwa ni shemeji yake, au ni mzee wa kanisa. Jumatatu jioni wanapatanishwa. Kila aliyekaa kwenye kikao hicho ataamini amefanya kazi ya Mungu, na saa 72 zimekwisha.

Vivyo hivyo kwa mke aliyekimbia kipigo. Kabla ya kumtajia msamaha, ulizeni kama ana pa kulala ambapo mumewe hapajui. Kuwaita wawili hao katika kikao kimoja ni kumweka hatarini, maana atakalolisema mbele ya mume ndilo atakalopigiwa usiku. Msamaha, kama utakuja, ni wa yule aliyeumizwa na una wakati wake. Hakuna baraza la kanisa lililopewa mamlaka ya kuupangia tarehe.

Siri pia inahitaji kuwekwa sawa. Siri ya kitubio ina sheria yake na siigusi. Lakini mazungumzo ya ofisini kwa mchungaji hayamo ndani ya kitubio, na mtu anastahili kuambiwa kabla hajaanza kusema: nitayatunza utakayoniambia, isipokuwa kama maisha yako au ya mwingine yamo hatarini, au kuna mtoto anayeumizwa. Nimekutana na viongozi waliofanya kinyume kabisa. Ya mtoto waliyafunika kwa jina la usiri, na ya mjane wakayatoa kuwa mfano kwenye mahubiri, "bila kutaja jina," huku usharika mzima ukigeuza shingo kumtazama.

Na kuna hili la ushuhuda. Mtu ameponea chupuchupu kwenye ajali au shambulio, na Jumapili hiyo hiyo anaitwa mbele asimulie. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2002 na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yalionesha kwamba kikao kimoja cha kumtaka mtu asimulie tukio la kutisha mara baada ya kumpata hakimkingi na athari za kiwewe, na utafiti mmojawapo ulikuta waliopitia kikao hicho wakiwa na hali mbaya zaidi mwaka mmoja baadaye. Kikao cha mtaalamu na ushuhuda wa kanisani ni vitu viwili, najua, ila sioni kwa nini kipaza sauti mbele ya umati kiwe salama kuliko chumba cha faragha. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani, War Trauma Foundation na World Vision International, ambalo ni shirika la Kikristo, haumlazimishi mtu kusimulia chochote. Unafundisha mambo 3: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama usalama na mahitaji ya mwili. Msikilize anayetaka kusema. Muunganishe na ndugu, huduma na taarifa anazohitaji. Mzee wa kanisa hahitaji shahada kujifunza hayo. Ushuhuda usubiri mpaka mwenyewe aombe kusimama.

Kwa wafiwa nitasema kidogo, maana hapo kanisa lina sifa yake. Tarehe 28 Novemba 1942 moto uliteketeza ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mjini Boston na kuua watu 492. Daktari Erich Lindemann, aliyewachunguza walionusurika na wafiwa, aliandika mwaka 1944 kwamba taasisi za dini ndizo zilizotangulia katika kuwahudumia wafiwa na zimewasaidia wasiohesabika, lakini akaongeza kwamba faraja peke yake haitoshi. Majonzi yana kazi yake, na kazi hiyo huanza hasa watu wakishatawanyika. Sisi ni hodari hadi siku ya mazishi. Baada ya hapo, ni usharika gani wenye orodha ya waliofiwa miezi 3 iliyopita na jina la mtu wa kuwatembelea?

Juu ya mapepo sitabishana nanyi. Madhehebu yenu yenyewe hayakubaliani. Ila mama aliyejifungua majuma machache yaliyopita, halali, anasikia sauti, na anaanza kuamini kwamba mtoto wake si mtoto, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa usalama wake na wa mtoto. Ombeni mkiwa njiani. Na mtumishi anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili imani yake ionekane, aondolewe kwenye huduma ya ushauri, bila kujali anajaza viti vingapi.

Mtaguso wa Braga wa karne ya 6 uliwanyima waliojiua ibada ya mazishi, na ukali huo ulirithiwa kwa karne nyingi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 bado iliwataja katika orodha ya wanaonyimwa. Ile ya 1983 haiwataji tena, na Katekisimu ya 1992, namba 2282 na 2283, inasema kwamba maradhi mazito ya nafsi hupunguza lawama ya aliyejiua, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Luther naye, katika mazungumzo ya mezani, aliwafananisha na mtu aliyeuawa msituni na mnyang'anyi. Kwa hiyo anayehubiri moto mbele ya jeneza la aliyejiua asijifiche nyuma ya mapokeo. Waliokaa viti vya mbele ni wafiwa ambao sasa nao wako katika hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko watu wengine, na wanasikia kila neno.

Mwaka 1925 Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kulazwa mwenyewe kwa ugonjwa wa akili, aliwapeleka wanafunzi wa theolojia katika Worcester State Hospital, jimboni Massachusetts, wakajifunze kwa wagonjwa chini ya usimamizi. Mafunzo ya aina hiyo yalitimiza miaka 100 mwaka 2025. Hata hivyo vipo vyuo ambavyo bado vinamhitimisha mwanafunzi baada ya miaka ya Kigiriki na mahubiri, bila kumkalisha hata juma moja kando ya kitanda cha mgonjwa na mwalimu wa kumsahihisha. Wakuu wa vyuo, nawasihi: asiwekewe mikono mtu asiyepitia hapo. Maaskofu na wazee, kila usharika uwe na watu 2 au 3 waliofunzwa, mwanamke awemo, majina yao yatangazwe. Yawepo makubaliano ya maandishi na kituo cha afya kuhusu mahali pa kumpeleka mtu usiku wa manane, ili asiyejua asianze kutafuta wakati huo. Nao wanaosikiliza wapewe mtu wa kuwasikiliza. Yethro alimwona Musa ameketi tangu asubuhi hata jioni akibeba shauri za watu peke yake, akamwambia jambo hilo si jema, utajichosha. Baadhi yenu mmejichosha zamani, na usharika haujui kwa sababu bado mnahubiri vizuri.

Mtauliza fedha. Mwongozo wa 2011 hutolewa bure, na wauguzi, madaktari na walimu wanaoweza kuufundisha wanakaa kwenye viti vyenu kila ibada. Kinachokosekana ni kibali chenu.

Naomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho. Kama hamtakubaliana na mengine yote niliyoandika, pitisheni angalau hili kabla ya sala ya kufunga: hakuna mtu atakayemshauri aliyebakwa, anayepigwa au anayetaka kujiua kwa jina la kanisa kabla hajafunzwa namna ya kufanya hivyo. Mkihitaji mtu wa kuhojiwa juu ya barua hii, niiteni. Nitakuja, hata kama maswali ni makali.

Wenu katika Kristo,
Mshauri nasaha wa kujitolea